Vijiti vya Alhamisi

Penseli nilikuwa nimeifunga kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa jiko la shule, isije ikapotelea ndani ya sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe. Kila sahani niliyopakua, kijiti kimoja kwenye daftari. Darasa la tatu lilinifikisha hapo, na kwa kazi yangu palinitosha.

Miaka kumi na tisa nilipikia shule moja huku Ikutha.

Agosti ile mjukuu wangu Ndunge alikuja likizo na mfuko wa vitabu. Ofisi ya kurekebisha elimu anakofanya kazi ilimpa jukumu ya kuwachagulia wakubwa wake vitabu kumi vya kusoma shule zikiwa zimefungwa. Tisa alikuwa navyo.

"Vyote hivi vinasema nini?"

"Kwa nini watoto hawajui kusoma, Susu," akanijibu mimi bibi yake.

"Ndiyo vikanenepa hivyo?"

Akacheka. Kisha akaniambia shule yetu imo kwenye orodha nyingine. Rejista inasema watoto wako darasani kila siku, na bado wanaanguka mtihani. Basi, kwa ofisi, kosa ni la mwalimu. Septemba Mwalimu Mwau angeondolewa.

Nikaendelea kupepeta ndengu.

Rejista ile niliijua. Alhamisi ni mnada wa mbuzi, na nusu ya watoto huwa njiani wakiswaga mifugo ya baba zao. Mwau aliwaandika wote wapo, kwa sababu mahindi ya shule huletwa kwa kufuata rejista, na mtoto wa mnadani hurudi Ijumaa na njaa. Alinieleza mara moja tu, amesimama mlangoni pa jiko.

"Mama Kalunde, nikiandika ukweli, wewe utapika nini?"

Nilichukua mwiko.

Sasa nikilitoa daftari langu, Mwau angeitwa mwongo na chakula kingepunguzwa. Nikilificha, angeitwa mvivu, tuletewe mwingine wa kufundisha madawati matupu.

Nilimaliza ndengu zote. Nikanawa mikono, nikalitoa daftari chini ya godoro.

"Kitabu cha kumi hiki hapa."

Ndunge akafunua. "Susu! Si ni vijiti tu?"

"Angalia Alhamisi. Pole pole."

Aliangalia mpaka chai yake ikashika utando. Alipoinua uso, nilimwambia, "Usiwaeleze wakubwa wako. Waache wasome."

Septemba Mwau alirudi na barua ya onyo, lakini alirudi. Wiki nzima hakunisalimia. Mahindi yalipungua gunia moja, uji nao ukawa mwepesi.

Daftari lilirudi kutoka ofisini Oktoba, na madoa yangu yale yale ya mafuta kwenye jalada. Kando ya Alhamisi moja yenye vijiti vichache, mtu nisiyemjua alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Walikuwa wapi?

Nikaiendea penseli. Uzi ulikuwa mfupi, ikabidi niandike nimesimama mlangoni.

Kiilu, nikaandika. Mnadani, mbuzi wanne wa babake.

Kisha nikaanza jina la mtoto aliyefuata, Mbuvi.