Boti Isiyokata Maji

Kuku watatu walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva, na mwenye ghala pale Otonglo aliomba jambo moja tu: wahamishwe taratibu. Ndivyo Beldina Akinyi alivyoipata boti ya mashindano iliyotelekezwa na klabu moja iliyokufa tangu miaka ya sabini. Ilikuwa fupi na bapa, imevikwa rangi juu ya rangi, na mtu mwenye haraka angeipasua kuni. Beldina aliinama akachungulia tumbo lake, akaitambua. Boti ya namna hii haikati maji kama mashua za wavuvi. Ikishika kasi hujinyanyua, ikabaki imeligusa ziwa mahali patatu tu: mabega yake mawili ya mbele na rafadha ya injini nyuma.

Alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili ya kazi katika ufuo wa Usoma, akitengeneza mashua chini ya Mzee Ondiek, ndugu mdogo wa marehemu babake. Kusema alitengeneza ni kumfanyia hisani. Mzee ndiye aliyejenga. Beldina alipiga randa, akaziba nyufa kwa pamba, akapaka rangi. Mashua ilipoenda ziwani kujaribiwa, yeye alibaki nchi kavu, maana katika ufuo ule mwanamke hapandi mashua asije akafukuza samaki. Hakuna aliyekumbuka samaki waliulizwa lini.

"Niachie hii niitengeneze peke yangu," alimwambia mzee boti ilipowasili juu ya mkokoteni. "Mwezi wa kumi na mbili, siku ya mashindano ya mashua, isipopaa mbele ya bichi nzima naacha kazi ya mbao. Nitarudi kukaanga samaki na mama."

"Umesema wewe, nyathina, mwanangu, si mimi," alijibu mzee. Mafundi wengine wakapiga makofi. Ahadi ya aina hiyo ni tamu ikiwa ya mtu mwingine.

Alikwangua rangi kwa wiki sita. Byron, fundi wa injini, mwanamume wa kilo mia kasoro chache mwenye vidole vyepesi kama vya mshona nguo, akaifufua injini ya kale. Kufikia Agosti boti iling'aa vanishi mpya. Hapo ndipo Beldina alipofanya kosa ambalo fundi mzuri wa Usoma pekee ndiye angeweza kulifanya. Mashua mpya pale huzamishwa siku tatu kwenye maji ya magotini ili mbao zivimbe, nyufa zijifunge zenyewe. Alikuwa amezamisha mashua arobaini na zaidi. Injini ikiwa bado nchi kavu, akaijaza boti mawe, ikatulia chini. Mzee Ondiek alipita, akaangalia, akaitikia kwa kichwa, na Beldina akaifurahia ishara ile kuliko alivyoifurahia boti yenyewe.

Lakini boti hii haikuwa ya mbao nene. Tumbo lake lilikuwa plaiwudi, tabaka nyembamba zilizoshikwa na gundi ya miaka sitini. Walipoiopoa siku ya nne, tabaka zilikuwa zimeachana na tumbo limetutumka kama andazi.

Beldina alilia bila kujificha. Kati ya mafundi, kosa huwa la mbao, au la mvua, au la mteja. Yeye alifuta machozi kwa mkono wenye matope akasema wote wakisikia, "Si mbao. Ni mimi. Nilifanya vile nimezoea, sikuiangalia."

"Hata mimi niliona ikizamishwa," alisema Mzee Ondiek kwa sauti ya chini, kisha akashika njia akaenda.

Tangu siku ile Beldina aliacha kuzisikiliza nyayo za mzee nyuma yake. Alilibandua tumbo lote, akaanza upya. Kila kipande alikigonga kwa kidole, akakipima mkononi, akakiondolea unene aliouona hauna kazi. Kila alipotaka kuongeza msumari alijiuliza boti iubebe kwa sababu gani. Usiku mmoja wa Novemba aligundua, kwa mshangao, kwamba hajamfikiria mzee wiki nzima.

Gundi ya mwisho ilikauka Ijumaa. Jumamosi, siku ya mashindano, ufuo ulifurika watu. Byron akaketi kwenye usukani, injini ikanguruma, boti ikatoka pua juu na mkia chini, ikililima ziwa kama jembe. Akazunguka, akajaribu tena. Ikawa vilevile. Vicheko vikaanza huku na kule, na Beldina akahisi harufu ya mafuta ya kukaangia ikimfikia puani.

"Haipandi!" Byron alipiga kelele akirudi. "Nimefungua mafuta mpaka mwisho!"

Beldina hakumtazama mtu. Aliitazama boti, jinsi ilivyokalia maji.

"Boti iko sawa. Injini iko sawa," alisema. "Byron, shuka. Mzito ni wewe."

Ufuo ukaangua kicheko, na Byron mwenyewe akacheka mpaka akakaribia kuanguka majini. Kicheko kikakatika walipomwona Beldina akikunja suruali na kuingia ziwani.

Mzee Ondiek aliinua mkono. "Akinyi!"

"Kama ni samaki, Baba, leo hakuna aliyekuja kuvua."

Mkono wa mzee ulibaki hewani kitambo, kisha ukashuka.

Byron akashuka, Beldina akaketi kwenye usukani, akasukuma mpini wa mafuta. Boti ikanyanyua pua, ikalima, ikatetemeka. Halafu maji yakaiachilia. Mtetemo ukaisha ghafla, pua ikashuka, na ziwa likawa linapita chini kwa kasi, likigonga mabega ya boti kwa vidole vyepesi. Beldina alipiga ukelele ambao hata yeye hakuutambua. Alizunguka ghuba mara mbili, kisha mara ya tatu kwa sababu tu alitaka.

Aliporudi, wanawake wauza samaki walikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, wakipiga vigelegele. Mzee Ondiek alivua viatu akavishika mkononi, akajipenyeza kati yao, akapitisha kiganja chini ya boti.

"Ukiwa kule," aliuliza, "chini yako kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, Baba. Upepo tu."

Mzee akalitazama ziwa.

"Fundi," alimwambia Beldina, "breki yake iko wapi?"

"Haina breki."

Akamkabidhi viatu vyake, akainua mguu aingie kwenye boti. "Basi nishikie hivi."