Kimya cha Boti ya Toussaint

Kwenye skrini ya biro, ofisi ya boti bandarini, boti ya Toussaint ilikuwa kijani, yaani salama, na rangi hiyo ilimkera Syntiche kuliko tusi. Toussaint ni kaka yake, tumbo moja. Jana alfajiri alitoka Moba na magunia ya mahindi na abiria, akatuma ujumbe kila alipopita kijiji mpaka Tembwe, kisha kimya. Sasa jua lilikuwa limeshapanda juu ya bandari ya Kalemie na hajafika.

«Papa Grégoire, tutume watu wawatafute,» alisema.

Papa Grégoire, mwenye boti zote na mwenye biro, hakuinua hata kichwa. «Programu njo wewe uliiandika. Inasema nini?»

«Kijani.»

«Basi, ni rezo tu, mtandao umekatika. Wataita.»

Programu Syntiche aliiandika yeye mwenyewe kwa PHP, lugha ya kompyuta, kwa amri ya mzee huyo aliyechoshwa na manahodha wanaozima simu ili wapakie abiria wa siri njiani. Kila ujumbe kutoka ziwani uliingia kwenye safu kama tarehe na saa yake. Programu ilishika tarehe moja, ikailinganisha na inayoifuata, na pengo likizidi kipimo mstari uligeuka mwekundu, nahodha akatakiwa kujieleza. Mtego ule ulishanasa wajanja wengi, na Syntiche aliringa nao mjini.

Aliufungua. Ya kwanza na ya pili, sawa. Ya pili na ya tatu, sawa. Na ile ya mwisho, ya Tembwe? Ile haikulinganishwa na kitu, kwa sababu haikuwa na ya kuifuata. Aliyezama angebaki kijani mpaka kiama.

Programu ilitambua kimya cha mtu pale tu aliporudi akasema tena. Ilitengenezwa kwa ajili ya wajanja waliofika salama. Waliopotea hakuna aliyewafikiria, yeye wa kwanza.

Akaongeza tarehe moja mwishoni mwa safu: ya sasa hivi. Akaiendesha upya. Mstari wa Toussaint ukawa mwekundu.

Aligeuza skrini. Papa Grégoire aliitazama, akavuta funguo za stoo ya mafuta mfukoni. «Mwite nahodha Prospère,» alisema polepole. «Achukue boti kubwa. Upepo unatoka kusini tangu jana. Kama moteri imekufa, umewasukuma mpaka wametupita. Aanzie Kabimba, kaskazini.»

Mchana kutwa hakuna ujumbe ulioingia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kila mmoja aliogopa mshindo wake. Jua likielekea kulala, ujumbe wa Prospère uliingia. Amewapata ng'ambo ya Kabimba, moteri imekufa, simu zimelowa, watu wote wazima. Syntiche alilia mbele ya wateja na hakujali.

Toussaint aliingia biro amejifunga blanketi. Ujumbe wa Prospère ulikuwa umeingia kwenye safu ya boti yake, na chini ya mstari mwekundu programu ilikuwa imeandika kama ilivyofundishwa: Nahodha, jieleze: kwa nini ulinyamaza?

Syntiche aliona haya. «Kaka, acha niifute.»

«Hapana. Andika,» alisema Toussaint, sauti imemkauka. «Andika tulikuwa tunaita.»