Termosta ya Koksineli

Mumbere alikuwa fundi wa malori, si wa vile vigari vya mabwana wa zamani. Lakini nenda ukamweleze hivyo mwenye bunduki! Waasi walimtoa garajini pale Butembo na mafuta bado mikononi, wakamfungia kwenye ua wa nyumba waliyoiteka, wakamwonyesha koksineli: gari ndogo ya moteri nyuma, isiyotumia maji wala radiateri. Inapozwa na upepo tu.

"Utaitengeneza, na utaiendesha," komanda akasema. "Kuondoka, hapana."

Kule Beni, mtaa wa Bungulu, mkewe Hulda alikuwa amejifungua. Muuza ndizi ndiye aliyeleta habari: mutoto mwanamuke, mama yuko muzima. Mumbere alikuwa hajamtia mtoto huyo machoni. Geti la ule ua lilifunguliwa kwa neno la mtu mmoja tu, na Mumbere alikuwa amefika mahali pa kuchukia hata matofali ya ukuta.

Siku moja komanda akaja na kiboksi kutoka Kampala.

"Inachemka kwenye milima. Weka hii termosta mupya. Kesho tunaenda Mavivi, kwenye avion."

Uwanja wa ndege wa Mavivi! Njia yake si inapita mbele ya mlango wa Hulda?

Mumbere akajiingiza chini ya gari. Termosta yenyewe ilikuwa kikopo cha shaba chenye mikunjo, kimeungwa na chuma chembamba kinachopanda hadi kwenye vimlango vya upepo. Joto likizidi, kikopo kinatanuka, vimlango vinafunguka, moteri inapumua. Kile cha zamani kilikuwa kimetoboka. Juu yake fundi fulani alikuwa amevifunga vimlango kwa fil de fer, waya wa chuma, visifunguke, kisa baridi ya Butembo.

"Hiyo fil de fer toa," akasema askari aliyemlinda. "Komanda hapendi bricolage, kuungaunga hivi."

Akaitoa. Ila termosta mpya akaitia mfukoni, akakirudisha kile kikopo kilichokufa. Kwa lori hapo hakuna mjadala: termosta ikifa inaziba njia ya maji, moteri inachemka. Kwa hiyo kufika Beni koksineli itakuwa inatoa moshi. Atasema anaenda kuomba bidon, dumu la mafuta, kwenye nyumba ya kando ya barabara, atamshika Hulda mkono, watatokea nyuma kwenye migomba. Basi!

Asubuhi geti likafunguka. Mlima wa kwanza akanusa: hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Moteri ilikuwa inaimba, mjinga yule! Chemka, mama, chemka basi, aliomba kimoyomoyo, huku akiikamua kwa gia ya pili mpaka ikalia.

"Polepole," komanda akasema. "Unakimbilia wapi?"

Bungulu ikafika. Hulda alikuwa anaanika nguo, mtoto mgongoni. Akamwona. Akaziacha nguo chini, akaja mbio hadi kando ya barabara.

"Mon commandant, moteri imechemka. Tusimame kidogo."

Wakasimama. Komanda akashuka, akafungua kapo, mfuniko wa moteri ya nyuma, akainamisha pua. Akacheka.

"Kuchemka wapi? Hata harufu hapana!"

Mumbere akapiga magoti, akachungulia. Kikopo kilichotoboka kilikuwa kimenyooka chote, kimevisukuma vimlango wazi kabisa. Aliyekitengeneza alijua kitakufa siku moja, akakipangia kufa hivyo, upepo upite. Kumbe iliyokuwa ikiichemsha ni ile fil de fer, na ameitoa mwenyewe. Lori halifanyi hivyo. Mungu wangu, lori halifanyi hivyo!

"Weye fundi wa kweli," komanda akampiga bega. "Haubanduki tena kwangu." Kisha akamtazama Hulda, aliyesimama pale kinywa wazi. "Na huyu mama? Unamujua?"

Akisema ndiyo, kesho askari watalala kwake, na Hulda na mtoto watakuwa kamba ya kumfungia yeye.

"Hapana," Mumbere akasema. "Simujui."

Hulda akafunga kinywa. Akafungua kitenge taratibu, akamzungusha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akamgeuza uso utazame barabara. Akasimama hivyo.

"Twende," komanda akasema.

Mumbere akaingia, akawasha. Ikashika mara moja.