Kamba Isiyokatika

Uzi ulipokatika kwa mara ya tatu asubuhi ile, Lyle Haugen alitoa tusi ambalo mkewe Marva hakuwa amelisikia tangu siku alipojigonga kidole kwa nyundo mbele ya mchungaji. Marva alikuwa nyuma kabisa ya msafara, kwa hiyo, kama kawaida, yeye ndiye aliyeshuka kwenye tandiko kwenda kumkamata farasi Deacon. Deacon mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa amesimama kando ya njia na mzigo wake wa nyama, anang'oa majani, kamba yake inaburuta chini.

"Mlete huku!" Lyle akapaza sauti. "Na leo nauma ulimi, la sivyo ningemwambia yule mama Orpha aliyetuuzia hawa farasi maneno!"

"Si umeshayasema, baba? Milima yote imesikia."

Mtu akistaafu kuendesha basi la shule anaweza kufuga nyuki, anaweza kucheza karata. Lyle yeye aliingiwa na farasi. Alichoka kuwinda mabondeni, karibu na barabara, pamoja na kila mwenye gari. Alitaka kulala juu kabisa ya milima ya Montana, kwenye kulungu wakubwa wenyewe, na huko gari halifiki. Basi akanunua farasi wawili wa mizigo kwa Orpha Dunning, Pearl na Deacon, jike mweupe aliyekwisha kuzeeka na dume wa kahawia aliyehasiwa, aliyekulia naye boma moja. Orpha aliwapa na matandiko, akawafundisha alasiri moja: mashogi, ile mifuko mikubwa ya mzigo ya kushoto na kulia, yapimwe kwa mizani yalingane, fundo lifungwe hivi, kamba ya farasi unayemwongoza ishikwe mkononi tu, isifungwe kwenye tandiko lako hata kidogo. Nyuma ya kila tandiko la mizigo palikuwa na kitanzi cha uzi mwembamba, ule wa kufungia majani makavu ya ng'ombe. "Wa nyuma mnamfunga hapa," Orpha alisema, akapita kwenda jambo jingine. Hakueleza kwa nini uzi. Kwake ilikuwa kama kumweleza mtu mzima kijiko ni cha nini.

"Bahili yule!" Lyle akasema sasa, akikiangalia kitanzi kilichokatika nyuma ya tandiko la Pearl. "Tandiko zuri namna hii, ngozi tupu, halafu nyuma anatia uzi wa ng'ombe. Ebo! Senti ngapi kamba?"

"Labda ana sababu yake."

"Ubahili una sababu?"

Marva alitazama juu. Wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti, na theluji yenye maji maji ilikuwa imeanza kuwapiga usoni. Miguu ilimuuma. Amechoka kushuka na kupanda, amechoka na makelele ya mumewe, na mbele yao kulikuwa na Ukuta wa Larkin, ule ujia mwembamba uliochongwa ubavuni mwa mlima, ambao tangu alfajiri ulikuwa umemkaa rohoni. Walipopanda, farasi walikuwa wepesi na jua linawaka. Sasa wamebeba kulungu mzima, na njia imeloa. Hakuna njia nyingine ya kushuka. Alichotaka Marva ni kimoja tu: wavuke Larkin, watu na wanyama, wote wawe wazima. Nyama angeitupa hata sasa hivi.

Akafungua mfuko wake akatoa kamba ya bluu ya hema, nene, mpya.

"Haya, chukua hii," akasema. "Funga tuondoke, theluji hiyo."

"Ndiyo maana nilikuoa," Lyle akasema, akaifunga mara mbili kwenye tandiko la Pearl, akamfunga Deacon nayo, akaivuta kwa uzito wake wote. Haikutikisika.

Na kweli, baada ya hapo safari ilikwenda vizuri. Deacon alijaribu kubaki nyuma mara moja mbili, kamba ikamkumbusha, akafuata. Lyle alianza hata kupiga mluzi. Walipofika Larkin akaacha.

Upande wa kulia ulikuwa mwamba. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, ila mteremko wa kokoto na mawe mepesi mpaka chini kwenye kijito. Njia yenyewe ilimtosha farasi mmoja na mzigo wake, tena kwa kubana.

"Shuka, Lyle," Marva akasema. Yeye alikwisha shuka, amemshika farasi wake Toots kwa hatamu. "Tuwafungue, tuwavushe mmoja mmoja kwa miguu."

"Mmoja mmoja tutafika Krismasi."

"Na tufike Krismasi."

"Mama, hebu acha woga. Duke anaijua njia."

Duke, farasi wake wa kupanda, akaingia. Pearl akafuata kwa kamba iliyokuwa mkononi mwa Lyle, Deacon akafuata kwa kamba ya bluu. Marva akamwacha Toots nje ya ujia, akawafuata kwa miguu, mkono mmoja ukipapasa mwamba. Ndipo alipoona kwamba ile kamba ya Pearl haiko tena mkononi mwa mumewe. Ameizungusha kwenye kipembe, ile pembe fupi ya mbele ya tandiko lake.

"Lyle! Toa kamba hapo!"

"Vidole vimekufa ganzi!"

"Orpha alisema nini? Toa!"

"Sijaifunga bwana, nimeizungusha tu!"

Hayo ndiyo aliyokuwa akisema wakati shogi la Deacon la kulia lilipokwaruza mwamba. Deacon akashtuka, akaruka kando, na kando hapakuwa na pa kukanyaga. Miguu yake ya nyuma ikaenda. Akazama mpaka kifuani, kwato za mbele zikichimba ukingo wa njia, na kamba ya bluu ikakazana mpaka ikatoa maji.

Pearl alivutwa kinyumenyume akakaa kitako kama mbwa. Duke naye akarudishwa, kwato zikikwaruza jiwe, tako lake likielekea kushoto. Kisha Lyle akapiga ukelele. Mkono wake ulikuwa umenaswa kati ya kamba na kipembe, na tandiko lilikuwa linapinda naye kuelekea kule kusikokuwa na kitu.

Marva hakukumbuka alivyofika. Alijikuta amepiga magoti ukingoni, kisu mkononi, kamba mbele ya uso wake, na chini kidogo jicho la Deacon linamtazama. Kamba ilikuwa imemnyonga kichwa upande. Hakuweza kuweka mguu popote kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimefungwa juu.

"Usikate!" Lyle akalia. "Nitamvuta! Duke! Twende, Duke! Twende!"

"Atakuvuta wewe!"

"Usimwue, Marva! Nakuomba, mke wangu, usikate!"

Duke akajitupa mbele, akapata hatua moja, akapoteza mbili. Mguu wake wa nyuma wa kushoto ulikuwa sasa kwenye ukingo wenyewe, mawe yanamomonyoka chini yake. Pearl hakulia. Alikuwa amekita miguu, mmoja wa nyuma umezama kwenye ufa wa mwamba, na alikuwa ameshikilia, mwili mzima unatetemeka, uzito wa Deacon nyuma yake na wa Duke mbele yake, yeye katikati.

Na Marva, kisu mkononi, akasita. Tuseme kweli, alisita. Nani asingesita? Kukata ilikuwa ni kumtupa Deacon kwa mkono wake mwenyewe, na mnyama anamtazama. Akamwomba Mungu hiyo kamba ikatike yenyewe, ikatike tu, isiwe yeye.

Kikasikika kitu kimekatika, kwa sauti kavu, kama kuni inapovunjwa gotini.

Asante Mungu, akasema moyoni, imekatika! Alifurahi. Furaha ile ilimjaa kifuani, akaitazama kamba, na kamba ilikuwa nzima, imekazana vile vile, hata unyuzi mmoja haukulegea.

Ndipo Pearl alipotoa sauti.

Marva akakata. Kisu kilipita mara moja tu, kwa jinsi kamba ilivyokaza. Deacon akateremka na kokoto, akabiringika mara moja, mbili, mashogi yakapasuka, mapande ya nyama yakatawanyika mteremkoni, akatoweka ndani ya vumbi na theluji. Duke akaruka mbele. Lyle akachomoa mkono wake, akaanguka upande wa mwamba, akabaki pale ameukumbatia.

Mawe yaliendelea kuteremka, moja moja. Kisha chini, karibu na kijito, kitu cha kahawia kikainuka. Kilikaa, kikasimama kwa miguu minne, kikajitikisa.

"Yu hai!" Lyle akapayuka. Akaanza kucheka, machozi yanamtoka. "Marva! Mwangalie yule mshenzi! Amesimama! Yu hai, mama!"

Marva alimwangalia Deacon, akaiangalia kamba iliyobaki nyuma ya tandiko la Pearl. Ilimwingia yote kwa pamoja, na ilimwingia kama maji ya baridi. Mteremko haukuwa ukimwua. Kamba ndiyo iliyokuwa ikimwua, na kuwaua wote.

"Ule uzi," akasema. "Uliwekwa ukatike, Lyle. Aanguke peke yake, ainuke peke yake."

Lyle aliacha kucheka. Alikuwa ametazama nyuma yake.

Pearl alikuwa anajaribu kusimama. Aliinuka kwa mbele, vizuri kabisa, kama alivyoinuka kila asubuhi ya maisha yake. Kisha akauweka chini ule mguu wa nyuma, na mguu ukakunjika mahali pasipo na kiungo. Akakaa. Akajaribu tena.

"Mzuie," Lyle akasema. "Jamani, mzuie asifanye hivyo."

Marva akaenda akamshika kichwa, akamkalisha. Akamfungua mkanda wa tandiko, akayatua mashogi, moja baada ya jingine, ijapokuwa hayakuwa na umuhimu wowote tena. Pearl akapumua kwa nguvu mzigo ulipotoka. Aliupenda sana mkono wa Marva nyuma ya masikio, na hata sasa aliinamisha kichwa apate kukunwa.

"Nipe bunduki," Lyle akasema. Amesimama, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umegeuka rangi, na vidole viwili vilielekea kusikokuwa kwao. "Mimi ndiye niliyefunga. Nipe."

"Utashika kwa mkono gani?"

"Marva…"

"Na nani aliyekupa kamba? Mpeleke Duke mbele huko, umshike. Nenda."

Lyle alikwenda. Marva aliitoa bunduki kwenye ala yake, akarudi, akampangusa Pearl theluji kwenye paji la uso kwa kiganja. Alitaka kumwambia kitu. Alitafuta neno, hakupata hata moja ambalo halikuwa la aibu. Akasema tu, "Tulia, mama, tulia," na Pearl, ambaye siku zote aliambiwa hivyo akipigiliwa viatu vya chuma kwatoni, alitulia.

Mlio uligonga mwamba ukarudi mara kadhaa.

Ulipokwisha, farasi akalia chini bondeni. Deacon alikuwa amesimama pembeni mwa kijito, tandiko limemning'inia tumboni, masikio yamesimama, kichwa juu, anautazama ujia. Akalia tena. Duke alimsikia, asimjibu.

"Anamwita," Lyle akasema. Alikuwa amekaa chini na mkono wake mapajani, analia bila kujificha. "Mungu wangu, anamwita yeye."

"Nimesikia."

"Tufanyeje?"

Marva aliweka bunduki begani, akaenda ukingoni, akamwita Deacon kwa jina, kwa sauti ile ya wakati wa kulisha. Deacon akamwangalia kidogo, akaangalia pale alipolala Pearl. Kisha akaanza kupanda, kokoto zinamteleza chini ya kwato, anarudi nyuma, anapanda tena.