Magoti ya Mume Wangu

Mchongaji alipofunua matambara yaliyoloa maji, nilimtambua mume wangu kwa masikio. Yalikuwa yake hasa, yamesimama kama ya mtu anayetafuta neno la kubishia. Udongo ulikuwa haujakauka, na ofisa wa kamati ya sherehe alishika kalamu akisubiri niridhie ili sanamu isubiwe kwa shaba iliyoyeyushwa. Kisha nikashusha macho. Walikuwa wamempigisha magoti, mikono kifuani, anasali.

"Mume wangu hakuwa mtu wa kusali," nikasema.

"Mama, wote walioasisi nchi hii walikuwa watu wa dini," ofisa akanijibu, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Vijana wanahitaji mfano."

Wenzake walikuwa watu wa dini, ndiyo. Walipokaa kuandika katiba, kila kikao walianza kwa sala, naye alitoka barazani mpaka wamalize. Kisha mmoja alimwita, "Njoo, Kifungu, tumemaliza. Sasa tugombane." Jina hilo walimbandika kwa sababu alikomalia kifungu kimoja mpaka kikapita: kila mtu aabudu apendavyo, na asiyetaka asilazimishwe. Nyumbani nikisali, aliwatoa watoto nje wasinipigie kelele. Akiingia tena, ananiuliza kwa utani, "Umenitaja?"

Nilimtaja kila siku. Nilimwomba Mungu ampigishe magoti hata mara moja, ili nami niwe na matumaini ya kumwona tena. Alikufa ameutazama ukuta, akanishika mkono tu.

Na sasa huyu hapa, amepiga magoti. Nilimgusa goti. Lilikuwa baridi, na kidole changu kikaacha alama. Mungu anisamehe, nilitamani sana kutia sahihi. Wajukuu wangekua wakijua babu yao alisali, na mimi pengine siku moja ningeamini.

"Mama?" ofisa akauliza.

Nikajikaza kisabuni. "Msimamisheni."

"Itabidi nianze upya," mchongaji akasema taratibu, bila kinyongo.

"Anza, mwanangu."

Akachukua waya wa kukatia udongo, akanitazama kwanza asije akakuta nimegeuza neno, kisha akaupitisha chini ya mapaja. Magoti niliyoyaombea maisha yangu yote yakadondoka sakafuni, na nililia kuliko siku ya mazishi.