Papai la Upande wa Dirishani

Sikukuu ilimkuta mke wa Fundi amekaa kwenye kigoda sebuleni, beseni la matunda miguuni, kisu mkononi, gauni la juzi bado mwilini. Macho yalimuuma kama ya mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu. Mgongo ndio usiseme. Ungeuuliza umri, ungekutajia wa bibi yake.

Kilichomchosha si kazi, maana kazi aliizoea tangu hajaota meno ya utu uzima. Kilichomchosha ni mdomo wa mumewe.

Mumewe alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata watoto wake mwenyewe walipotaka kumtania. Kiharusi kilimpiga msimu wa mvua kikamwacha na mkono mmoja wa kulia, mguu mmoja wa kulia, na maneno machache yaliyotoka kwa kusukumwa kama gari bovu. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali alikuwa anameza vizuri, mradi kitu kiwe laini. Uji alikunywa. Maboga yaliyopondwa alikula. Halafu, wiki moja kabla ya sikukuu, akafunga mdomo. Hakusema kwa nini. Kijiko kikimkaribia, midomo inabana kama jiriwa ya karakana yake, ile iliyokuwa ikishika ubao usitikisike, na uso unageukia dirishani. Maji alikubali kidogo, kwa kuyashika mwenyewe kikombeni. Chakula, hapana.

Daktari alikuja, akampima, akamvuta mke pembeni. "Mama, sikukuu ikipita na hajala, mleteni wodini tumtie mpira wa puani." Alisema kwa upole, lakini mpira ni mpira. Tangu siku hiyo mke wa Fundi akawa anakwenda na kijiko na kurudi nacho, anakwenda na kurudi, mpaka akaanza kuamini lile jambo ambalo hakumwambia mtu: kwamba mzee ameamua kuondoka, na anaanza safari kwa kuaga chakula.

Na katikati ya hayo yote kulikuwa na mti.

Mti wenyewe ni wa matunda, wa kupamba meza. Kila sikukuu ulisimama katikati ya sahani, na wajukuu waliuchuma mpaka likabaki nanasi tupu. Mwaka huu alitaka kuuacha. Alimwambia binti yake mkubwa kwenye simu, "Mwanangu, mwaka huu tule tu, tusipambe." Binti akajibu, "Mama, hawa watoto tangu tuanze kufunga mizigo hawaulizi kingine, ni mti tu." Mke wa Fundi hakuwa na nguvu ya kubishana. Wakati mwingine kufanya kazi kunachosha kidogo kuliko kueleza kwa nini huifanyi.

Basi akaanza. Alichukua kile kibao cha duara chenye kigingi katikati, ambacho Fundi alikitengeneza zamani kwa mabaki ya mlango wa mtu. Akakata kitako cha nanasi kikae sawa, akaliacha na majani yake kichwani, akalididimiza kwenye kigingi mpaka likatulia. Hilo ndilo shina. Kisha vipande vingine vyote vinachomekwa humo kwa vijiti vya kuchokolea meno: tikiti maji chini kwa sababu ni zito, papai na embe kiunoni, zabibu juu karibu na majani. Tufaha linachovywa kwanza kwenye maji ya ndimu lisigeuke rangi ya kutu. Na kila kipande lazima kifutwe kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomekwa, la sivyo kinateleza, na meza inalia machozi ya matunda mbele za wageni.

Alifanyia kazi hiyo kwenye meza ndogo ya sebuleni, jirani kabisa na kiti chenye mikono alichokalishwa Fundi, upande wa dirishani. Meza ya jikoni ilijaa masufuria, na isitoshe Fundi alihitaji kuangaliwa. Ukimsahau kidogo, anateleza kuelekea kushoto kama mzigo uliofungwa vibaya.

"Wifi," sauti ikaja kutoka jikoni, "hiyo kazi yako inazaa au inazeeka?"

Huyo alikuwa mdogo wake Fundi, dada yake wa tumbo moja, aliyekuja kusaidia. Jina alilopewa na ukoo ni Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

"Inazeeka na mimi," akajibu mke wa Fundi. "Na wewe papai gani umeninunulia hili? La mti linatakiwa liwe gumu kidogo. Hili ukilitazama tu linabonyea."

"Papai limeiva, linalaumiwa kwa kuiva. Kweli nyumba hii huwezi kumridhisha mtu." Redio akatokea mlangoni na bakuli la uji, kijiko kimesimama ndani. "Sogea nimlishe kaka yangu. Wewe unambembeleza sana. Mgonjwa haulizwi uji."

"Jaribu. Mimi nimeshindwa."

Redio akamfunga kaka yake shingoni kitambaa cha mjukuu, chenye picha ya bata. Akachota uji, akaupuliza, akapanua mdomo wake mwenyewe ili amwonyeshe. "Haya, kaka. Aaa. Ndege huyo anaingia kiotani."

Fundi akabana midomo. Ndege akagonga mlango wa kiota, uji ukateremka kidevuni, ukamfikia bata. Fundi akatazama dirishani.

"Aaa," Redio akarudia, sasa kwa sauti ya kubembeleza iliyoanza kutetemeka.

"Muache, wifi," mke wa Fundi akasema bila kuinua kichwa. "Utamlisha shati."

Akamfuta kidevu, akamfungua kitambaa, akarudi kwenye kigoda. Redio akarudi jikoni na bakuli lake, na kwa muda hata masufuria hayakusikika. Yule ndugu mwenye maneno alikuwa analia kimya, na mke wa Fundi alijua, lakini hakunyanyuka. Mtu akichoka sana hata huruma inaomba kwanza ikae chini.

Akaendelea kuchomeka. Akimaliza upande mmoja anazungusha kibao, anajaza mwingine. Alipouzungusha mti mpaka ule upande wa kwanza ukarudi mbele yake, akaona pengo. Pale kiunoni, palipokuwa na papai, palikuwa na vitundu tu. Akajitazama mikono. Nilisahau, akawaza, au nimelala nikiwa nimefumbua macho. Akakata papai jingine, akajaza, akazungusha.

Akaenda jikoni kusuuza kisu. Aliporudi, alikuta kibao kama alivyokiacha. Akakizungusha. Pengo tena, na safari hii na embe limekwenda.

Hapo hasira ikapata nafasi. Uchovu ni kuni kavu, cheche kidogo tu inatosha.

"Redio," akaita kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi kuliko ya juu. "Njoo hapa. Kama una njaa, jikoni kuna chakula cha kulisha harusi. Kwa nini unaudokoa mti wangu?"

"Nani? Mimi?" Redio akaja na mwiko. "Nimeudokoa nini?"

"Papai. Najaza, linaondoka. Najaza, linaondoka. Mimi si mwehu."

"Wifi, nitazame vizuri. Miaka yote tuliyojuana, umewahi kuniona nikila papai? Harufu yake tu naona kama nimemeza sabuni. Ungesema nyama ningenyamaza."

Ilikuwa kweli. Hata utotoni, alivyosimulia Fundi, papai la Redio lilikuwa linaliwa na mbuzi. Mke wa Fundi akabaki na kisu hewani. Kama si yeye, na si wifi yake, na mlango umefungwa, basi humu ndani kuna nani mwingine?

Wote wawili wakageuka kwa pamoja.

Fundi alikuwa anatazama nje, ametulia kama picha. Lakini shavu lake la kulia lilikuwa linakwenda. Polepole, juu, chini, kama mtu anayepiga randa ubao mgumu. Vidole vya mkono mzima vilikuwa vinang'aa kwa maji ya tunda. Na kwenye mfuko wa shati, pale alipokuwa akiweka penseli na misumari enzi zake, vijiti vya meno vilikuwa vimejipanga, vichwa juu.

Redio akavuta pumzi. Kabla hajaigeuza kuwa neno, mke wa Fundi akamkanyaga mguu, akamshika mkono, akamkokota hadi jikoni na kurudishia mlango.

"Anakula," Redio akanong'ona. "Kaka yangu anakula."

"Nimeona. Usiseme kitu. Ukimsifu tu, atafunga."

"Na zile zabibu? Daktari si alisema zinakaba?"

"Hakugusa zabibu. Anachukua kilaini tu. Akili yake iko palepale, wifi, ni sisi tuliomfunga bata shingoni." Akaegemea ukuta, akajifuta uso kwa mkono ulionuka ndimu. "Wiki nzima namwambia fungua, fungua. Sikumwambia hata mara moja, shika."

Redio akautazama mwiko wake. "Na mti wa wajukuu?"

"Mti gani," akasema mke wa Fundi.

Akarudi sebuleni kwa hatua za mtu asiyejua lolote. Akakaa. Zabibu zote akazihamishia upande wa mbali, na tufaha lililo gumu likafuata huko. Kisha papai lile lililoiva kupita kiasi, lile alilolitukana asubuhi, akalikata vipande vidogo kuliko kawaida. Kila kijiti akakivunja ncha kali. Akavichomeka vyote upande wa dirishani, mpaka upande huo ukawa mwekundu mtupu. Hakumtazama mumewe. Alimenya embe, akiliangalia embe.

Mkono ukaja. Ukapapasa, ukachomoa. Halafu sauti ya kutafuna, ya taratibu, ya upande mmoja. Mara akakohoa, na kisu cha mke wa Fundi kikasimama katikati ya tunda. Kikohozi kikapita. Koromeo likapanda, likashuka. Kisu kikaendelea.

Kipande kimoja kikamponyoka, kikaangukia mapajani. Mke wa Fundi alijua kimeanguka. Mkono wake ulitaka kwenda wenyewe kama mbwa anayemjua bwana wake, akauzuia kwa kuukalia. Fundi akakitafuta, akakikosa, akakitafuta, akakipata, akakila pamoja na uzi wa suruali.

Basi wakaenda hivyo, huyu anajaza, huyu anapunguza, na mti haukukamilika. Uchovu ulimrudia mke wa Fundi mara mbili ya ule wa kwanza, maana wasiwasi uliokuwa umemshikilia wima ulikuwa unalegea. Alisinzia kipande kikiwa mkononi, akazinduka, akachomeka.

Nje gari likasimama. Sauti za watoto, milango ikibamizwa. Na wakati huohuo mti, uliokuwa mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili, ukatikisika juu ya kibao chake.

"Ki-na-yumba," akasema Fundi.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku nyingi, na lilikuwa lawama ya kazi. Mke wake akajibu kabla hajafikiri, kama alivyomjibu miaka yote ya ndoa.

"Si wewe unayekiyumbisha? Unakula upande mmoja tu."

Likishatoka limetoka. Akatamani alirudishe. Fundi akageuza uso kutoka dirishani, taratibu, akamtazama. Macho yake yakaenda kwenye mti, yakaenda mfukoni mwa shati kwenye vijiti vyake, yakamrudia mkewe. Amekamatwa, na anajua amekamatwa. Midomo ikakutana. Mke wa Fundi akaona inabana, akaona wodi, akaona mpira, akaishiwa hata na nguvu ya kusema samahani. Akainamisha kichwa tu, kikaangukia kwenye mkono wa kile kiti, na akakiacha hapohapo.

Mlango ukagongwa. Ngumi ndogo ndogo, nyingi.

Redio akapita kutoka jikoni akifunga kilemba, ufunguo mkononi. Akafika katikati ya sebule, akasimama. Kutoka pale aliposimama aliweza kuona kitu ambacho wifi yake hakukiona, maana alikuwa amefumba macho. Mkono wa Fundi ulikuwa umenyooka mbele ya watu wote, hauibi, umeshika kibao ukisogeze karibu. Kikaja. Akachagua kipande, akakigeuza kukikagua kama mtu anayenunua, akakitia mdomoni.

"Wifi," Redio akasema kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuitoa. "Nifungue?"

Mke wa Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa anasikiliza.

"Bado," akasema. "Hajamaliza papai."

Redio akaenda mlangoni, akaweka mdomo kwenye tundu la kitasa. "Subirini hapohapo, wanangu," akawaambia walio nje, ufunguo ukining'inia kidoleni. "Ufunguo tunautafuta. Tutauona tu, hauko mbali."