Gauni Lililomkaa Vizuri

Siku hizi pale palipokuwa na duka letu wanauza vifuniko vya simu. Nikipita huwa nasimama kidogo, kijana wa humo ananiuliza, "Mama, nikusaidie nini?" namwambia hapana mwanangu, naangalia tu. Anadhani naangalia vifuniko.

Duka lenyewe lilitosha meza moja ya kukatia na hasira za watu wawili. Mume wangu alikaa mbele na cherehani yake. Mimi nilikaa nyuma na pasi, vifungo na mdomo wangu. Yeye alikata na kushona. Mimi nilinyoosha, nikatoboa matundu ya vifungo, na kuwaambia wateja ukweli kuhusu viuno vyao. Hakuna aliyelalamikia mgawanyo huo, isipokuwa wateja. Watu wote walimwita Fundi, nami nikamwita hivyohivyo, maana mtu akishazoea kuitwa Fundi, ukimwita mpenzi anageuka kuangalia nani ameingia.

Katikati yetu, mara chini ya meza, mara nyuma ya pazia la kujaribia nguo, mara ndani ya gunia la vipande vya vitambaa, alikuwapo binti yetu. Wateja walimbandika jina la Redio. Alianza kusema kabla hajafungua macho na alilala katikati ya sentensi. Mama mmoja mnene alikuja kupimwa, Redio akasimama pembeni kwa heshima zote, akauliza, "Shangazi, mbona leo Baba ameunga futi mbili za kupimia?" Yule mama alicheka mpaka ikabidi apimwe upya. Hakuwahi kwenda kwa fundi mwingine.

Shuleni halikuwa jambo la kucheka. Mwalimu wake alikuja dukani mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mama, mtoto huyu ana akili. Ila zinapita kama abiria. Hakuna inayoshuka." Tukacheka naye. Hakucheka. Akatueleza kwamba asubuhi hiyo Redio alitoka darasani mbio katikati ya somo, akavuka geti, akavuka na barabara, kwa sababu alikuwa ameona paka. Lori lilifunga breki.

Ndivyo tulivyofika kwa daktari wa watoto. Alituuliza maswali mengi, akamtazama Redio akipanda na kushuka kitandani mwake, mwishoni akasema kichwa cha mtoto huyu hakijui kuchagua cha kusikiliza. Kinapokea vyote kwa pamoja. Akaandika kidonge, kila asubuhi. "Anaweza kukosa hamu ya kula," akasema. "Usingizi nao unaweza kusumbua. Mkiona anakonda, msikae nyumbani. Njooni."

Kidonge kilifanya kazi. Siwezi kukisingizia. Wiki hiyohiyo Redio alimaliza zoezi zima la hesabu, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuchora kuku pembeni. Fundi aliibandika karatasi ile ukutani juu ya nyuzi, akawa anamwonyesha kila mteja kabla hajamwonyesha kitambaa. Mimi nililia kwa furaha, nikaunguza kola ya shati la watu.

Halafu kukawa kimya. Redio akirudi shule alikaa kwenye kigoda chake, akapanga vifungo kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa rangi tena. Hakuna aliyemtuma. "Leo redio imeisha betri?" wateja waliuliza, tukacheka wote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nimelelewa kwenye shida, na kwetu jambo likikuogopesha unalicheka kwanza, halafu ndipo unalitazama.

Chombo cha chakula kilirudi kutoka shule jinsi kilivyokwenda. "Sisikii njaa, Mama." Nikachemsha mayai, nikayakaanga siku iliyofuata, nikakata mkate maumbo ya nyota kwa mkasi wa kazini. Akala kidogo kwa kunionea huruma. Lakini kila asubuhi nilimtazama mlangoni amevaa sare yake, na sare ikaniambia hakuna shida. Lilikuwa gauni la buluu, baba yake alilishona kwa mkono wake: mikunjo imelala sawasawa, mkanda umekaa kiunoni, mabega yako pale mabega yanapotakiwa kuwa. Mama mkwe alipopiga simu kuuliza, "Mjukuu wangu hajakonda?" nikamjibu, "Wala, Mama. Gauni limemkaa vizuri kama siku lilipotoka mashineni."

Ikaja siku ya michezo shuleni. Tulifunga duka, jambo ambalo hatukulifanya hata siku ya mvua kubwa iliyoingia mpaka chini ya cherehani. Tukakaa kwenye benchi pamoja na wazazi wengine. Shule ilikuwa imenunua fulana za njano na kaptula, zile za kushonwa kiwandani, zote saizi moja kwa darasa zima. Watoto wakapangwa kwenye mstari, wametupa mgongo. Mimi nikaanza kazi yangu.

"Fundi, mwone yule wa mwisho. Siyo yeye aliyevaa fulana. Fulana ndiyo imemvaa yeye."

Fundi akaendelea kutazama ule mstari. Nikadhani hakusikia, nikapandisha sauti.

"Upepo ukivuma kidogo tutakwenda kumwokota kwa jirani!"

Mama aliyekaa upande wangu akaangua kicheko. Yule mtoto wa mwisho akageuka, akatafuta kwenye mabenchi, akatuona. Akatupungia mkono.

Nami nikapunga. Mkono ulienda wenyewe. Kipenga kikalia, Redio akakimbia, tena vizuri, ndani ya mstari wake, bila kuhamia kwa wenzake kama mwaka uliotangulia. Mwalimu alisimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa natazama miguu ile inavyotokea kwenye kaptula, na mifupa ya mabega inayocheza ndani ya fulana, na yule mama pembeni yangu anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Tuliporudi, Redio aliingia nyuma ya pazia kupumzika. Fundi akafungua mlango nusu. Nikamwambia, "Lile gauni."

"Gauni gani?"

"Usinifanye mteja."

Akaivuta futi iliyoning'inia shingoni, akaikunja kidoleni, akaikunjua. "Nilikuwa nalibana," akasema. "Kidogo tu. Lilipwaya kiunoni."

"Lilipwaya, ukalibana."

"Ndiyo."

"Likapwaya tena."

"Nikalibana tena. Mke wangu, nguo ikipwaya inabanwa! Sasa mtoto wangu atatokaje na nguo inayopwaya? Watu watasema huyu ni fundi gani anayeshindwa hata mwanawe mwenye…"

Akakomea hapo. Nilimwona usoni akiyasikia maneno yake mwenyewe.

Ili umwelewe, lazima ujue kwamba mume wangu haoni watu, anaona nguo. Aliwahi kupishana na dada yake wa tumbo moja barabarani bila kumsalimia, akaja nyumbani kuniambia ameona blauzi yenye kola aliyoikata yeye. Basi jioni zile, Redio akiwa amesimama mbele yake na gauni linacheza, mkono wake uliona kosa, ukalirekebisha, ukaendelea na kazi. Habari haikupanda kichwani. Na mimi niliyekuwa na macho ya kuona watu, kila asubuhi nilionyeshwa nguo isiyo na kosa.

Fundi akainuka, akachukua kichupa cha dawa pale rafuni karibu na chaki. "Leo mwisho," akasema, akaelekea kwenye pipa la takataka. Sikumzuia. Nasema kweli, nilitaka kelele zangu zirudi. Nilitaka mtoto wa kuwatia aibu wateja.

Pazia likafunguka. "Baba, usitupe."

Alikuwa bado na ile fulana ya njano. Fundi akasimama na kichupa mkononi.

"Nisipomeza nasikia kila kitu," Redio akasema. "Feni nasikia, viti nasikia, mtu akikuna kichwa nasikia, magari nasikia. Na Mwalimu yumo humohumo. Nikimeza, namsikia Mwalimu."

"Na chakula?" nikamuuliza.

"Chakula kinakuwa kama natafuna kitambaa."

"Kitambaa gani?" akauliza Fundi.

Naapa aliuliza hivyo. Na mtoto, kwa kuwa ni mtoto wake, akafikiri kwanza.

"Cha suti. Kile kizito."

Fundi akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa, kwenye vipande vya vitambaa. Mimi nikacheka, halafu kicheko kikageuka njiani, Redio akaja kunishika bega kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Kesho yake tulikuwa kwa daktari. Alimtazama Redio aliyesimama mlangoni na sare yake. "Mbona anaonekana yuko sawa tu," akasema.

"Huyo unayemwona ni gauni," nikamwambia. "Mvue, umpime."

Nesi akampandisha kwenye mizani, akaiangalia, akamshusha, akampandisha tena. Daktari akasoma, akaandika. Fundi akamweleza mambo yote ya kubana, macho yakiwa kwenye sakafu. Daktari alianza kutabasamu, kisha tabasamu likamwishia. Akapunguza dozi. Akatuambia mtoto ale akitoka tu kitandani, kabla ya kidonge, na jioni nguvu ya dawa ikishapungua apewe sahani nyingine, hata kama wengine tumeshakula. Tumrudishe kupimwa mara kwa mara, na ikishindikana kuna dawa nyingine za kujaribu.

"Nawe, Fundi," akamalizia, "fumua ulichobana. Uliache gauni lipwaye. Tunataka kuona."

Nimemwona mume wangu akizika wazazi wake, lakini sijamwona na uso ule aliokuwa nao akifumua lile gauni. Alifumua kwa wembe, mshono kwa mshono, uzi ukamdondokea magotini. Asubuhi Redio akatoka amevaa gauni linalomzunguka kama pazia. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mtani wetu wa miaka, hakuiacha nafasi ipite.

"We Fundi! Hiyo sare au hema? Mnahamia humo familia nzima?"

Mtu mmoja aliwahi kumsema Fundi vibaya kuhusu pindo tu, hawakusalimiana mpaka sikukuu mbili zikapita. Nikashika pasi yangu, nikasubiri matusi. Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Ni kweli, linapwaya," akajibu. "Mtoto amekonda kwa dawa. Tunamlisha."

Fundi viatu akashusha nyundo yake. Baadaye kidogo akavuka barabara na ndizi, akaziweka mezani bila neno. Mimi nilimtazama mume wangu asubuhi ile, nikampenda kuliko siku ya harusi yetu, na siku ya harusi alivaa suti nzuri sana.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Kifungua kinywa kikawa vita, mimi nabembeleza, Redio anatazama dirishani, kidonge kinasubiri kwenye kisosi. Mwalimu akatuma salamu kwamba saa za mwisho mtoto anaanza kupiga soga nyuma ya darasa. Tukamwambia avumilie, nasi tunavumilia. Kwenye mizani ilikuwa leo afadhali, kesho palepale. Gauni likaendelea kupwaya, na Fundi akajifunza kulitazama bila kuligusa, mikono ameifungia nyuma kama mtu aliye kwenye duka la vyombo vya kioo.

Mpaka jioni moja. Tulikuwa tumefunga duka, tuko chumba cha nyuma tulimokuwa tukiishi. Mimi nanyoosha mashati ya kesho, Fundi anavuta uzi kwenye sindano, Redio amelala kifudifudi sakafuni anachora kwa chaki ya baba yake. Hakuinua hata kichwa.

"Mama, kuna kitu cha kula?"

Tuliinuka kwa pamoja. Tukagongana kwenye mlango wa jikoni, yeye na sindano, mimi na pasi ya moto.

"Weka pasi, utaniunguza!"

"Toka mlangoni basi!"

"Mayai yako wapi?"

"Unaishi humu miaka yote hujui mayai yako wapi?"

Aliyavunja yeye, na maganda yake humo. Mimi nikakata mkate kwa pupa, vipande vinene kama matofali. Redio akala. Akatema ganda, akala. Akasukuma sahani mbele bila kusema kitu, tukaijaza. Akaanza kutusimulia habari ya mwenzake aliyekalia wino, mdomo umejaa, makombo yanaruka, hadithi haina mwanzo wala mwisho, nasi tumesimama pale mezani kama wahudumu wa hotelini.

Akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mnaniangalia?"

"Wewe kula," baba yake akamwambia. "Hakuna anayekuangalia."

Akarudi kwenye sahani yake. Tukaendelea kumwangalia.